Sayanaidi Ina Dawa, Swali ni Nani Anaitia

Kila likizo ndefu wenzetu wa jiolojia, uhandisi migodi, kemia na mazingira hupangiwa fildi Songwe na Chunya. Wakirudi chuoni, stori huwa zilezile: vumbi la barabara ya Mkwajuni, bei ya chakula machimboni, na "lile dimbwi la sayanaidi" ambalo waliambiwa wasilisogelee. Ukiwauliza maji ya dimbwi lile yanaishia wapi, wengi wanakujibu kwa maneno matatu: "Aah, yanakauka tu."

Makala hii inahusu maneno hayo matatu. Kuna ukweli kidogo ndani yake, na ndiyo maana ni hatari.

Nianze na hoja yenyewe ili tusizungushane. Sayanaidi ni sumu kali, lakini ni sumu inayouawa. Dawa zake zinajulikana, baadhi zina zaidi ya miaka 40 kazini, na si za bei ya kutisha. Tatizo letu ni kwamba hatua ya kuiua inakuja mwisho, wakati dhahabu imeshatoka na hakuna anayelipwa kwa kuifanya. Na kwa wachimbaji wadogo, sayanaidi inakutana na sumu nyingine ambayo haiuawi kabisa. Tukielewa mambo hayo mawili tutajua pa kuanzia.

Kwa nini Songwe

Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Una wilaya nne, Ileje, Mbozi, Momba na Songwe, na mji wake mkubwa ni Tunduma, pale mpakani na Zambia. Dhahabu iko hasa upande wa kaskazini, katika Wilaya ya Songwe, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Chunya. Ukanda huu wote wanajiolojia wanauita Lupa, na watu wamekuwa wakichimba dhahabu humo tangu miaka ya 1920, enzi za Mwingereza. Leo kuna mgodi mkubwa wa New Luika, uliotoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2012, na kuuzunguka kuna maelfu ya wachimbaji wadogo.

Mchimbaji mdogo anafanyaje kazi? Anatoa mawe kwenye duara, anayasaga kwenye karasha, kisha anapeleka unga kwenye mwalo kuuosha kwa maji. Dhahabu nzito inabaki chini, anaikamata kwa zebaki, halafu anachoma zebaki iondoke. Njia hii ni rahisi lakini inapoteza sana. Mara nyingi haipati hata nusu ya dhahabu iliyomo kwenye jiwe. Inayobaki ni ile ndogo isiyoonekana kwa macho, nayo inakaa kwenye mchanga uliokwisha kuoshwa.

Mchanga huo ndio unaoitwa marudio. Zamani ulikuwa takataka. Siku hizi ni mali, unauzwa kwa tripu ya lori, kwa sababu mwenye mtambo wa sayanaidi anaweza kuurudia na kutoa dhahabu iliyowashinda wa mwanzo. Kwa hiyo ukiona lundo la mchanga wa kijivu pembeni ya mwalo, usidhani limetupwa. Linasubiri mnunuzi.

Sayanaidi inafanya nini kwenye dhahabu

Dhahabu haiozi, haipati kutu, na asidi nyingi haziigusi. Lakini mwaka 1887 huko Glasgow, Uskoti, John Stewart MacArthur na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest walipata hakimiliki ya njia ya kuiyeyusha: maji yenye sayanaidi kidogo pamoja na oksijeni ya hewani. Sayanaidi inaikumbatia chembe ya dhahabu na kuivuta ndani ya maji kama maji ya moto yanavyovuta sukari. Ndani ya miaka michache njia hiyo ilikuwa imefika Afrika Kusini, na mpaka leo dhahabu nyingi inayozalishwa duniani inapita humo.

Kwa wenye mitambo midogo kazi inakwenda hivi. Wanajenga tenki kubwa la zege au tofali lililosakafiwa, wao wanaliita vati. Wanalijaza marudio, wanachanganya chokaa, kisha wanamwaga maji yenye sayanaidi juu. Maji yanachuja taratibu kupita kwenye mchanga, yanatokea chini, yanapitishwa kwenye kaboni, halafu pampu inayarudisha juu. Mzunguko huo unaenda siku kadhaa. Kaboni yenyewe ni mkaa maalumu, mara nyingi wa vifuu vya nazi, na kazi yake ni kuidaka dhahabu iliyoyeyuka. Ikishiba inapelekwa kwenye mtambo wa elusheni, dhahabu inabanduliwa humo, mwenye mali anakwenda soko la madini.

Hapo mwenye mali kamaliza. Mazingira ndiyo kwanza yanaanza. Nyuma kumebaki tenki la mchanga uliolowa sayanaidi, na dimbwi la maji yenye sayanaidi.

Zingatia ile chokaa, kwa sababu ndiyo inayowaweka hai wafanyakazi wa pale. Sayanaidi ikiwa kwenye maji yenye pH ya 10.5 au zaidi, sehemu kubwa inatulia majini. pH ikishuka, inageuka kuwa gesi ya haidrojeni sayanaidi na kupaa. Kwa pH ya 10.5 ni asilimia 5 hivi tu ya sayanaidi huru iliyo katika umbo la gesi. Kwa pH ya 8, ambayo ni karibu na maji ya kawaida, ni zaidi ya asilimia 90. Kwa hiyo mtu anayebania chokaa ili aokoe hela anapoteza sayanaidi yake hewani na anawavutisha vibarua gesi. Anayemwaga asidi kwenye sayanaidi, hata kwa bahati mbaya, anatengeneza sumu ya kuua ndani ya dakika chache.

Mwili na muhogo

Kuna kitu wengi hawajui: sayanaidi tunaijua tangu utotoni, ila kwa jina lingine. Muhogo mchungu una kemikali inayotoa sayanaidi mmea unapokatwa au kutafunwa. Bibi zetu hawakusoma kemia, lakini walijua kwamba muhogo ule haupikwi hivihivi. Unamenywa, unalowekwa siku kadhaa mpaka ulainike, unaanikwa juani, ndipo unatwangwa. Kila hatua hapo inaipa sayanaidi nafasi ya kutoka, ama kwenye maji ama kwenye hewa.

Mwili nao una njia yake. Ini lina kimeng'enya kinachoiunganisha sayanaidi na salfa kutoka kwenye vyakula vya protini na kuigeuza thayosayaneti, ambayo ni sumu hafifu zaidi na inatoka kwenye mkojo. Kwa dozi ndogo mwili unashinda. Kwa dozi kubwa ya ghafla unazidiwa, kwa sababu sayanaidi inazuia seli zisitumie oksijeni. Mtu anavuta hewa safi, damu inabeba oksijeni vizuri, lakini seli haziwezi kuitumia. Kwa mtu mzima, takriban milligramu 200 za sayanaidi zikimezwa zinatosha kuua, kiasi ambacho hakijazi hata ncha ya kijiko.

Na pale desturi ya kuusindika muhogo inaporukwa tunaona matokeo. Mwaka 1985, Tarime ilipokumbwa na ukame, watu waliokula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha, na wasio na protini ya kuusaidia mwili, walipata konzo, ugonjwa unaopooza miguu moja kwa moja. Hakuna aliyetaka iwe hivyo. Njaa iliwafanya wafupishe hatua.

Nimeuleta muhogo kwa sababu somo lake ni lilelile la machimboni. Sayanaidi inaondoka ukiipa hatua zake, na inaua ukiziruka.

Je, si kweli kwamba inakauka tu?

Ni kweli nusu. Maji ya dimbwi yakikaa wazi, hewa inayashusha pH, sayanaidi huru inageuka gesi na kupaa, na mwanga wa jua unaivunjavunja kiasi. Migodi mingi duniani ilitegemea njia hiyo ya asili kwa miaka mingi. Kwenye kiangazi cha Songwe, jua kali na upepo, dimbwi la kina kifupi linaweza kupungua sumu kwa kiasi kikubwa.

Sasa tuangalie nusu ya pili. Kwanza, muda. Wakati dimbwi linasubiri jua, ng'ombe, ndege na mbuzi hawasubiri. Wanaona maji, wanakunywa. Pili, kina. Dimbwi refu au mchanga uliolowa ndani ya vati haupati jua wala hewa, kwa hiyo juu panapungua na chini panabaki vilevile. Tatu, ardhi. Kama chini hakuna zege wala turubai zito la plastiki, maji hayaendi juu peke yake. Yanakwenda chini, kwenye visima. Nne, mvua. Songwe ina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, na dimbwi lililokuwa likipungua tangu Juni linaweza kujaa na kumwagika usiku mmoja wa Januari.

Tano, sayanaidi haikai peke yake. Inajiunga na madini mengine yaliyomo kwenye mchanga: shaba, zinki, chuma. Ndiyo maana maabara hupima aina tatu. Kuna sayanaidi huru, ambayo ndiyo kali zaidi. Kuna iliyoshikwa kidogo, mfano na shaba au zinki, ambayo inaweza kuachiwa hali ikibadilika. Na kuna jumla yote, ikiwemo iliyofungwa na chuma, ambayo ni tulivu lakini jua linaweza kuifungua taratibu. Mtu akikuambia "tumepima, hamna kitu", muulize amepima ipi kati ya hizo.

Njia za kuiua

Tuje kwenye dawa zenyewe. Nitataja zile ambazo mhitimu wetu anaweza kukutana nazo kazini.

*Salfa dioksidi na hewa.* Hii ndiyo inayotumika sana kwenye migodi mikubwa. Ilibuniwa na kampuni ya INCO ya Kanada miaka ya 1980. Tope linaingizwa kwenye tenki lenye pangaboi, linapulizwa hewa, linawekewa chanzo cha salfa dioksidi, mara nyingi unga wa sodiamu metabaisalfaiti, na mrututu kidogo wa kuchochea. Ndiyo, mrututu, ile salfeti ya shaba ya bluu ambayo wakulima wa kahawa wanaijua kama dawa ya ukungu. pH inashikiliwa kati ya 8 na 9 kwa chokaa. Sayanaidi inageuka sayaneti, ambayo sumu yake ni ndogo mno ukiilinganisha, na sayaneti baadaye inavunjika kuwa amonia na kabonati.

*Haidrojeni peroksidi.* Inafanya kazi hiyohiyo, ni safi zaidi kwa kuwa yenyewe inaishia kuwa maji na oksijeni. Inafaa kwa maji yaliyochujwa kuliko kwa tope zito, maana matope huila bure. Nayo inapenda shaba kidogo ya kuichochea.

*Klorini.* Ule unga wa kutibu maji ya mabwawa ya kuogelea unaweza kuua sayanaidi haraka, na ndiyo dawa rahisi kupatikana mjini. Ila ina masharti: pH lazima ibaki juu ya 10, la sivyo inatoka gesi nyingine ya sumu katikati ya kazi. Haigusi sayanaidi iliyofungwa na chuma, na klorini inayobaki inaua samaki kama ilivyoua sayanaidi.

*Salfeti ya feri.* Hii ni ya chuma, rahisi na ya bei ndogo. Inaifunga sayanaidi mpaka inakuwa unga wa bluu. Wengi wakiona bluu wanasherehekea. Lakini hapo sayanaidi haijafa, imefungwa tu. Ukiuacha unga huo juani, inaanza kutoka tena.

*Bakteria.* Huko Dakota Kusini, Marekani, mgodi wa Homestake ulifungua mwaka 1984 mtambo ambao wafanyakazi wake walikuwa vijidudu. Watafiti waliwatafuta bakteria waliokwisha kuzoea maji hayohayo ya mgodi, wakawakuza, wakawapa sayanaidi iwe chakula chao cha kaboni na naitrojeni. Maji yaliyotoka humo yaliruhusiwa kurudi kwenye kijito chenye samaki. Mtu anayetafuta mada ya utafiti wa maikrobiolojia, udongo wa mialo ya Lupa umekaa pale unamsubiri.

Kabla ya dawa yoyote kuna hatua ambayo wengi wanairuka: kuosha. Vati likishamaliza kazi, pitisha maji safi kwenye mchanga mara mbili tatu, na maji hayo yarudishe kwenye tenki la kuanzia vati lijalo. Unapunguza sumu ya kuua, unaokoa sayanaidi ya kutumia tena, na unakamata dhahabu kidogo iliyobaki kwenye unyevu. Hata mtu asiyejali mazingira hata kidogo ana sababu ya mfukoni ya kufanya hivyo.

Hesabu kidogo

Tupige hesabu ya mfano ili tuone ukubwa wa kazi. Chukua vati ambalo, baada ya kumaliza, limebakiza mita 10 za ujazo za maji ndani ya mchanga na kwenye dimbwi. Tuseme maji hayo yana milligramu 200 za sayanaidi kwa lita. Lita 10,000 mara milligramu 200 ni kilo 2 za sayanaidi. Ukigawa kwa ile dozi ya milligramu 200, kwenye karatasi ni sumu ya kuua watu 10,000. Hakuna atakayeinywa kwa mgawo huo, lakini unaelewa tunaongelea nini.

Sasa dawa. Kwa kemia tupu, gramu 1 ya sayanaidi inataka gramu 3.7 hivi za sodiamu metabaisalfaiti. Kilo 2 zinataka kilo 7 na kidogo. Kazini dawa nyingine huliwa na vitu vingine vilivyomo, basi zidisha mara tatu: kilo 22. Haijafika mfuko mmoja wa kilo 25. Ongeza chokaa, mrututu kiganja, pampu ya hewa, na mtu mmoja mwenye karatasi za kupimia pH na subira.

Kwa mtu aliyenunua malori ya marudio, akachoma dizeli ya pampu wiki nzima na kulipa vibarua, mfuko mmoja wa dawa si kitu cha kumfilisi. Kwa hiyo ukisikia "teknolojia hiyo ni ya wazungu, sisi hatuiwezi", ujue hesabu haijapigwa.

Zebaki haifi

Hapa ndipo penye mtihani mkubwa, na ndipo Songwe inapotofautiana na vitabu vingi vya darasani.

Vitabu vinazungumzia mgodi mkubwa unaotumia sayanaidi peke yake. Marudio yetu yametoka kwenye mialo, na kwenye mialo kulikuwa na zebaki. Sehemu ya zebaki hiyo imebaki kwenye mchanga ikiwa vitone vidogo vidogo. Ukimwaga sayanaidi juu yake, haiyeyushi dhahabu tu. Inayeyusha na zebaki. Zebaki iliyokuwa imetulia kwenye lundo sasa inaogelea kwenye maji, na popote maji yanapokwenda nayo inakwenda. Sehemu yake inanaswa na kaboni na kwenda kufuka kwenye mtambo wa elusheni au wakati wa kuyeyushia, mbele ya pua za wafanyakazi. Sehemu nyingine, ikifika kwenye matope ya mto au ziwa, inaweza kugeuzwa na bakteria kuwa zebaki ya aina inayopanda kwenye samaki, na kutoka kwa samaki ikaja kwetu.

Sayanaidi ni mchanganyiko wa kaboni na naitrojeni. Uvunje, umekwisha. Zebaki ni elementi. Huwezi kuivunja ikawa kitu kingine. Unaweza kuihamisha, kuifunga au kuikusanya, basi. Dawa zote nilizozitaja hapo juu zinaweza kuua sayanaidi mpaka ya mwisho na kuiacha zebaki palepale.

Ndiyo maana Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017 na ambao Tanzania ni mwanachama, unataja jambo hili moja kwa moja kati ya vitendo vibaya vya kukomeshwa: kutumia sayanaidi kwenye mchanga uliowekwa zebaki bila kwanza kuiondoa zebaki hiyo. Dunia nzima imekaa mezani ikaona kwamba mpangilio wa kazi yetu ya kila siku, zebaki kwanza sayanaidi baadaye, ndio mpangilio mbaya kuliko yote.

Ufumbuzi upo wa aina mbili. Mmoja ni kuiondoa zebaki kwenye marudio kabla ya vati, kwa kuyapitisha tena kwenye mitambo ya kutenganisha kwa uzito. Wa pili, ulio bora, ni kuacha zebaki tangu mwanzo: mchimbaji aoshe kwa uzito tu, apate dhahabu ya chembe kubwa, na mchanga wote usio na zebaki uende kwenye vati. Inadai makubaliano ya bei kati ya mwenye duara, mwenye mwalo na mwenye mtambo, kwa sababu leo kila mmoja anajilinda na mwenzake. Kwa hiyo ni suala la uchumi na kuaminiana kama lilivyo la kemia.

Ziwa lisilo na mlango

Kwa nini nalisisitiza hili kwa Songwe? Fungua ramani. Mto Lupa, Mto Songwe wa upande huu na Mto Momba, yote inateremka Ziwa Rukwa. (Kuna Mto Songwe mwingine, ule wa mpaka na Malawi, ambao unakwenda Ziwa Nyasa. Tusivichanganye.) Na Rukwa ni ziwa lisilo na mto unaotoka. Maji yanaingia, yanaondoka kwa mvuke tu. Kilichoingia nayo na ambacho hakipai hewani, kinabaki. Ziwa Victoria lina Nile ya kulisafisha. Rukwa haina. Sayanaidi ikifika huko itavunjika siku moja, ila zebaki itakuwa imefika nyumbani kwake pa kudumu.

Kama mtu anadhani dimbwi haliwezi kufika mbali, amkumbuke Baia Mare, Romania. Tarehe 30 Januari 2000, baada ya mvua na theluji kuyeyuka, ukuta wa bwawa la tope la kiwanda cha dhahabu ulipasuka. Takriban mita 100,000 za ujazo za maji yenye sayanaidi ziliingia mtoni, zikavuka mpaka hadi Hungaria, zikafuata Mto Tisza mpaka Danube. Hungaria ilihesabu zaidi ya tani 1,000 za samaki waliokufa. Na kiwanda kile kilikuwa kikifanya nini? Kilikuwa kikirudia mabaki ya migodi ya zamani. Marudio, kwa Kiswahili chetu.

Hata hapa nyumbani hatujasalimika. Mei 2019 NEMC iliutoza mgodi wa North Mara faini ya Sh 5.6 bilioni kwa uvujaji wa bwawa lake la tope sumu, na Julai mwaka huohuo likatoka agizo la kusimamisha matumizi ya bwawa hilo. Mgodi mkubwa una anwani. Unapigwa faini, unajulikana ulipo. Vati la mtaani linaweza kuhamwa wiki mbili baada ya kuvuja.

Njiani Tunduma

Tunduma haina mialo ya kuzungumzia, lakini ina barabara. Malori yanayopanda kwenda migodi ya Zambia na Kongo yanabeba kemikali za kila aina, na foleni yake mpakani inapita katikati ya watu, vibanda na shule. Sayanaidi huja ikiwa vipande vyeupe vikavu, ndani ya mapipa au masanduku yaliyofungwa. Ikiwa kavu na imefungwa, imetulia. Hatari yake ni maji na asidi. Huko Kirigizia, mwaka 1998, lori la mgodi wa Kumtor lilianguka mtoni na karibu tani 2 za sayanaidi zikaingia kwenye maji ya vijiji.

Na kuna hatari ndogo isiyoandikwa magazetini: pipa tupu. Pipa zuri la chuma au plastiki lenye mfuniko, nani ataliacha? Linaoshwa, linawekwa maji ya kunywa au kupikia pombe. Pipa la sayanaidi halioshwi likawa salama kwa matumizi ya nyumbani. Linatobolewa na kuteketezwa kwa utaratibu.

Sheria iko, mkono je?

Tusidanganyane kwamba hatuna sheria. Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya 2003 inamtaka kila anayeingiza, kusafirisha, kuhifadhi au kutumia kemikali kama hii asajiliwe na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka tathmini ya athari na msingi wa mchafuzi kulipa. Tume ya Madini ina maofisa wake mikoani. Kwa makaratasi tumekamilika.

Lakini angalia karatasi hizo zinafuatilia nini. Dhahabu ina mzani, ina risiti, ina soko la madini, ina mrabaha. Gramu moja ikipotea kuna atakayeuliza. Maji ya mwisho ya vati hayana mzani wala risiti. Siku ile kibali cha kununua pipa jipya la sayanaidi kitakapodai kipimo cha maji ya vati lililopita, mambo yatabadilika haraka kuliko kwa semina kumi. Kipimo chenyewe si cha maabara ya mbali: wenye mitambo wengi tayari wana nitreti ya fedha ya kupimia nguvu ya sayanaidi wakati wa kazi. Chombo kilekile kinaweza kutoa kipimo cha kwanza mwishoni, kisha sampuli chache zipelekwe maabara kuhakikisha.

Kwako wewe unayekwenda fildi

Wewe si mkaguzi, na hujatumwa kugombana na aliyekupokea. Lakini una daftari. Ukifika, uliza kwa adabu maswali haya na uandike majibu kwenye ripoti yako, hata kama msimamizi hakuyaagiza:

1. Marudio haya yametoka mwalo gani, na zebaki ilitumika?
2. pH ya maji ni ngapi, nani anaipima, na mara ngapi kwa siku?
3. Vati likimaliza, linaoshwa mara ngapi kabla mchanga haujatolewa?
4. Chini ya dimbwi kuna nini, na ukuta una nafasi kiasi gani ya mvua ya Januari?
5. Mapipa matupu yanakwenda wapi?
6. Dawa gani inatumika kuua sayanaidi, kiasi gani, na kipimo cha mwisho kilikuwa ngapi?
7. Kisima cha karibu kiko umbali gani, na nani anakunywa humo?

Ripoti za fildi za miaka mitano zenye majibu ya maswali hayo saba zingekuwa ramani ambayo wakaguzi, halmashauri na vijiji vya Songwe vingeweza kuifanyia kazi. Kwa sasa ripoti nyingi zinaishia kwenye kabati la idara, zikiwa na picha nzuri za karasha na ukurasa mmoja wa shukrani.